Vichwa Vitatu Visivyo na Uso

Sehemu ya Saba

Kichwa cha kwanza kilibiringika mpaka kwenye kiatu cha Mchungaji Shitanda, kikasimama hapo.

Hakikuwa na macho. Hakikuwa na pua wala mdomo.

Cha pili kikafuata. Kisha cha tatu.

Ikiwa gazeti la wiki jana lilifungiwa nyama kabla hujalimaliza, jua hivi. Ilikuwa Alhamisi alasiri, mwaka wa tisini na tano, mtaani Shauri Moyo, nyuma ya Kanisa la Nuru ya Bethania. Wazee walitaka kuibomoa stoo kuukuu ya mabati wajenge darasa la watoto wadogo. Walisogeza kabati kubwa lililokuwa ukutani, wakakuta nyuma yake si ukuta bali mbao zilizopigiliwa misumari. Mbao ziling'olewa. Vichwa vikatoka.

Aliyekuwa amefungua kufuli ya stoo ni Kalekye, mjane, mfagiaji wa kanisa na mwenye funguo zake zote kwa miaka kumi na mmoja. Funguo zilining'inia shingoni mwake kwa kamba ya kiatu. Yeye hakupiga kelele. Vivian, karani wa baraza la wazee na sauti ya kwanza ya kwaya, alipiga kwa niaba ya wote.

"Ni vya mti," Kalekye alisema, Vivian alipovuta pumzi.

Mchungaji aliinama, akakigeuza kichwa cha kwanza kwa ncha ya biro. Chini, pale shingo ingekuwa, palikuwa na namba iliyochomwa kwa chuma cha moto.

"Sita," akasoma.

Akageuza cha pili. "Sita."

Watu kumi na wanne waliosimama pale walikuwa wamesoma Kitabu cha Ufunuo. Hakuna aliyetaka cha tatu kigeuzwe. Mchungaji alikigeuza.

"Sita," akasema, na Vivian akaanza tena.

Mwaka ule habari za waabudu shetani zilikuwa zimejaa kila mahali. Mtu akiokota mshumaa mweusi kwenye takataka, mtaa mzima ulikesha. Sasa namba yenyewe ilikuwa imelala sakafuni mwa stoo ya kanisa, moja, mbili, tatu, kama viazi.

Mzee Kweyu ndiye aliyeingia nyuma ya mbao zile. Mwenyekiti wa baraza la wazee, mtu mrefu wa miaka sitini na tisa, mwenye sauti ya kengele. Alitoka akiwa ameshika kitu cha nne kwa leso. Kilikuwa kama kofia ndefu nyeusi, ila kimeundwa kwa vijiti vya mbao vilivyopangwa duara kama meno ya kinanda. Alipokiinamisha, meno yakacheza yenyewe, kra-kra-kra.

Vivian hakupiga kelele safari hii. Alikaa chini.

"Mama Kalekye," Mzee Kweyu alisema, "hii ni nini?"

"Sijui, Mzee."

"Funguo ni za nani?"

"Ni zangu. Lakini ni za kufuli. Hizo mbao zilipigiliwa kabla sijaijua Nairobi."

"Sote hapa tunajua kwenu Ukambani kuna nini."

"Ukambani kuna kiangazi, Mzee."

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Mzee Kweyu hakucheka.

"Jumamosi, saa kumi, baraza litakaa," alisema. "Mama huyu atatuambia vitu hivi ni nini na vililetwa na nani. Akishindwa, atarudisha funguo, atatoka kwenye chumba cha kanisa, na takataka hii itachomwa."

Chumba chenyewe kilikuwa kando ya ofisi ya mchungaji, futi kumi kwa kumi. Ndani mlikuwa na kitanda, jiko la makaa, na picha ya marehemu mumewe, Muoki, amesimama kando ya lori alilokuwa akiendesha. Katika Nairobi yote, hapakuwa na mlango mwingine ambao Kalekye angeweza kuusukuma bila kupiga hodi.

"Nimesikia," akasema. Akafunga stoo, akarudisha funguo shingoni, akaenda kuosha vikombe vya chai, kwa sababu vilikuwa vichafu.

*

Ijumaa asubuhi alitia kichwa kimoja ndani ya kiondo, akakifunika kwa sukuma wiki, akatoka kwa miguu kuelekea soko la Gikomba. Langoni akakutana na Vivian.

"Mama Kalekye, sasa. Hiyo ni nini kwa kiondo? Usiniambie ni kile kitu."

"Ni kile kitu."

"Ai! Na umekifunika na sukuma? Mimi sukuma basi. Kuanzia leo ni kabeji."

"Niombee, Vivian."

"Nitakuombea nikiwa mbali kidogo."

Munyoki alikuwa fundi wa kuchonga vinyago, mtu wa Wamunyu kule Ukambani. Alimfahamu Kalekye tangu siku za marehemu. Alikuwa ameketi kwenye maganda ya mbao, anamaliza twiga wa arobaini wa wiki hiyo. Twiga thelathini na tisa walisimama nyuma yake wakiangalia upande mmoja.

"Mwaitu," alisema, kwa maana kwao ndivyo mama huitwa kwa heshima, "nimesikia umepata jamaa wa kukaa naye."

"Habari imefika Gikomba?"

"Ilifika jana saa kumi na moja. Leo nimesikia vichwa ni tisa, na kimoja kinaongea."

"Ni vitatu. Havina midomo."

Munyoki alifuta mikono, akakipokea kichwa. Alikinusa. Alikigonga kwa kifundo cha kidole. Alikizungusha polepole kama mtu anayenunua tikiti maji.

"Huyu si wetu," akasema.

"Una hakika?"

"Mkamba hawezi kuchonga kichwa akaacha uso. Uso ndio unaouzwa." Akakileta karibu na jicho. "Tena mti wenyewe si wa huku. Ni mwepesi. Halafu angalia hapa chini, pande zote. Unaona vitundu?"

Kalekye aliona. Vilikuwa mamia, vidogo kama vya dudu.

"Ni vya pini," Munyoki alisema. "Kuna kitu kilikuwa kinapigiliwa hapa, kinang'olewa, kinapigiliwa, kinang'olewa. Miaka na miaka."

Kalekye aliomba kimya. Alikuwa na ombi fupi la mahali kama hapo, maneno matatu tu. "Kitu gani kinapigiliwa kwenye kichwa cha mtu?"

"Hapo ujuzi wangu umefika mwisho, Mwaitu. Lakini hii namba yenu ina kasoro."

Alichukua rangi nyeusi ya viatu, akaipaka juu ya ile sita, akapangusa kwa kitambaa. Mti ukabaki safi na michomo ikabaki nyeusi. Kando ya sita kukajitokeza alama nyingine iliyokuwa imechakaa, ndogo, tatu juu ya nne.

"Sita na robo tatu," Kalekye akasoma. Shule alifika darasa la saba, na sehemu alizifahamu.

"Sasa niambie wewe msomaji wa Biblia. Ile namba ya mnyama ina robo?"

"Haina."

"Basi. Huyu ni mnyama mwingine." Munyoki akamrudishia kichwa. "Nenda Burma, kwenye soko la nyama. Buchari ya mwisho kabisa, uulize Mzee Otiende, baba yake mwenye buchari. Watu humcheka, husema zamani kabla ya uhuru alikuwa akifanya kazi ya vichwa. Mimi nilidhani ni vichwa vya mbuzi."

*

Buchari ya mwisho pale Burma ilikuwa imejaa moshi na watu. Mzee Otiende alikaa peke yake kwenye meza ya pembeni, umri unakaribia themanini, amevaa kofia ya sufu ya kijivu iliyopigwa brashi hadi ikang'aa. Hakuwa na sahani. Kazi yake ilikuwa kukaa.

"Hujambo, Baba," Kalekye alisema. "Nimekuja unitambulishe mtu."

Akaondoa sukuma, akakiweka kichwa mezani. Bwana mmoja wa meza ya karibu, aliyekuwa ameanza matumbo, aliamka akahamia nje.

Mzee Otiende hakushtuka. Alikivuta kile kichwa mpaka magotini, akakifunika kwa kiganja, akafumba macho.

"Sita na robo tatu," akasema.

Hakuwa amekigeuza. Hakuwa ameona namba.

Nywele za Kalekye zilisimama chini ya kitambaa. "Baba, umejuaje?"

"Nimekilea miaka kumi na miwili. Wewe kiatu chako hukijui?" Akafumbua macho. "Hiki ni kichwa cha kutengenezea kofia, mama. Unalowesha sufu kwa mvuke wa maji moto. Unaivuta juu ya kichwa. Unapigilia pini pande zote, unaacha ikauke. Ukiitoa, una kofia."

"Basi?"

"Ulitaka nini kingine?"

Kalekye hakutaka kingine. Alikaa kwenye benchi bila kukaribishwa.

Mzee Otiende aliendelea kukipapasa. "Habari ya vichwa vya kanisani nimeisikia. Ile stoo yenu ilikuwa karakana ya Mhindi mmoja wa Goa, Bwana Pinto. Tulishona kofia za wazungu, za machifu, za wanyapara. Mwaka wa sitini na tatu akafunga, akapigilia mbao mwenyewe, akasema atarudi. Na ile yenye meno, ipo?"

"Ipo. Inacheza yenyewe."

"Haichezi yenyewe. Umeiinamisha vibaya."

"Si mimi. Ni mwenyekiti." Kalekye akasogea. "Baba, kesho saa kumi uje useme maneno haya haya mbele ya wazee. Nisipopata wa kuyasema, nafukuzwa. Chumba kinaenda, jina linaenda."

"Kesho ni Jumamosi. Jumamosi huwa nakaa hapa."

"Unakaa hapa kila siku."

"Jumamosi nakaa zaidi."

"Baba."

"Tena mimi si wa kanisa lenu. Sijawahi kutia mguu mle tangu pafanywe kanisa."

"Hutabatizwa. Utasema tu."

Mzee alifikiri. Mwanawe alipita na bakuli la kachumbari, akakiangalia kichwa, akaangalia baba yake, akapita.

"Ile mashini yenye meno," Mzee Otiende alisema hatimaye, "ina sindano zake zote?"

"Sijaangalia."

"Nitakuja kuangalia."

*

Kalekye alirudi saa tisa, moyo mwepesi kama gunia tupu. Wepesi ule ulidumu mpaka kona ya kanisa.

Mzee Kweyu alikuwa amesimama mlangoni pa stoo. Mkononi alikuwa na jerikeni ya mafuta ya taa. Shimo la takataka lilikuwa limeshapangwa kuni.

"Fungua, Mama."

"Kesho saa kumi, Mzee. Ni wewe uliyesema."

"Shetani hangoji saa kumi."

"Kama amengoja miaka thelathini nyuma ya kabati, siku moja haimuumizi."

"Mimi ni mwenyekiti!"

"Na mimi ni mwenye funguo mpaka kesho." Akaweka kiondo chini, akaketi juu ya kizingiti, akatoa Biblia yake. Hakuifungua. Aliishika tu.

Mzee Kweyu alimtazama. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka kumi na mmoja: alishusha sauti.

"Umeona karatasi zozote mle ndani?"

"Karatasi gani?"

"Zozote."

"Sijaona."

Mzee aligeuka, akaenda zake. Jerikeni aliiacha. Kalekye aliitazama ile jerikeni. Imejaa pomoni, na mtu haisahau jerikeni iliyojaa ila akili yake iko mahali pengine.

Mzee alipokwisha kupotea kwenye kona, Kalekye alifungua stoo, akaenda kutafuta karatasi.

Hakutafuta sana. Nyuma ya mbao, pale ilipotolewa ile kofia ya meno, palikuwa na mkebe wa biskuti. Aliufungua mlangoni penye mwanga.

Ndani mlikuwa na kadi ndogo ndogo, nyingi, za ukubwa wa kiganja. Juu ya kila kadi palikuwa na jina la mtu na mwaka. Na chini ya kila jina palikuwa na vitundu vya sindano, vimezunguka kama kitanzi.

Kalekye aliufunga mkebe. Akaufungua tena, maana huenda macho yalikosea.

Hayakukosea. Jina, mwaka, sindano. Jina, mwaka, sindano. Alilitambua jina la chifu mmoja wa zamani. Alikwisha kufa. Akalitambua jina la pili. Naye pia.

Kofia angeweza kuieleza. Lakini nani hudunga sindano chini ya jina la mtu? Kwao Mwala, mwanamke aliyewahi kukutwa na jina la jirani ndani ya kibuyu alihama kabla jua halijatua, tena hilo lilikuwa moja. Hapa palikuwa na mia mbili.

Kuni zilikuwa tayari. Mafuta yalikuwa tayari. Ingechukua njiti moja tu, na kesho saa kumi pangebaki vichwa vitatu vya kofia na mzee wa Burma wa kuvieleza. Chumba kingebaki chake.

Alilifikiria jambo hilo kwa muda wa kumenya kitunguu.

Kisha akautia mkebe chini ya mkono. "Mungu ameshaona," alijiambia. "Waliobaki ni wazee tu."

*

Jumamosi saa kumi, baraza lilikaa ndani ya kanisa. Wazee saba, mchungaji, Vivian na daftari lake, na washirika waliojifanya wamekuja kupanga maua. Mzee Kweyu alikaa kwenye meza ya mbele. Kalekye aliwekwa kusimama kando yake, kama mwanafunzi aliyechelewa. Vichwa vitatu na ile kofia ya meno vilikuwa mezani. Mkebe ulikuwa ndani ya kiondo, miguuni pake.

Saa kumi na dakika tano, mwenyekiti alikohoa. "Mama hana shahidi. Tupige kura."

"Hodi," sauti ikasema.

Mzee Otiende alisimama mlangoni. Akavua kofia yake ya sufu, kama inavyompasa mwanamume aingiapo kanisani, akaishika kifuani, akatembea mpaka mbele bila haraka. Hakusalimia watu. Alivisalimia vichwa, kimoja kimoja, kwa kiganja.

Alieleza yale aliyomweleza Kalekye. Mvuke, sufu, pini. Kisha akachukua chaki ya ubao wa shule ya Jumapili, akaisugua kwenye zile namba, akapangusa.

"Sita na robo tatu," Mchungaji akasoma. "Sita na... hii ni tano juu ya nane. Na hii saba juu ya nane."

"Ni ukubwa wa vichwa vya watu," Mzee Otiende alisema. "Wewe ukinunua kiatu namba tisa, ni cha shetani gani?"

Vivian alicheka, akaandika.

"Kofia!" Mzee Kweyu alisema. "Vizuri. Na hii yenye meno? Pia ni kofia?"

"Hii hupima kichwa. Mkubwa alikuwa hapimwi kwa utepe. Njoo nikuonyeshe, Mwenyekiti."

"Mimi kichwa kinaniuma."

"Haiumi."

"Nimesema kinaniuma!"

Mchungaji Shitanda, mtu mpole wa miaka arobaini na mbili asiyependa ugomvi kabla ya Jumapili, alisimama. "Nipime mimi."

Ile kofia ya meno iliteremshwa kichwani pake. Vijiti vikacheza, kra-kra-kra, kila kimoja kikajibana mahali pake. Mama mmoja wa maua alikemea mapepo kwa sauti ya chini. Mzee Otiende akafungua kifuniko cha juu, akatia kipande cha karatasi, akafunga. Tak.

Alitoa karatasi. Ilikuwa na duara la vitundu vya sindano, lakini duara lenyewe halikuwa duara. Lilibonyea upande wa kushoto.

"Hiki ndicho kichwa changu?" Mchungaji aliuliza.

"Kimepunguzwa."

Vivian alinyoosha shingo. "Mchungaji, kumbe uko na kichwa kama korosho!"

Hapo hata wazee walicheka. Mama wa maua alicheka akiendelea kukemea. Kalekye peke yake hakucheka. Alikuwa anaviangalia vile vitundu, na mkono wake ulikuwa umeshaingia ndani ya kiondo.

"Baba," alisema, "basi na hizi ni vichwa vya watu?"

Akauweka mkebe mezani, akaufunua.

Mzee Kweyu aliruka juu, kiti kikaanguka. "Hizo zichomwe! Zichomwe sasa hivi!"

Hakuna aliyesogea. Alikuwa mwenyekiti, lakini hakuna aliyekuwa amewahi kumwona akiruka.

"Ni kadi za wateja," Mzee Otiende alisema, bila hata kumtazama. "Vichwa vya watu havifanani, mama. Sura hufanana, vichwa havifanani. Mtu akija mara ya pili hatumpimi, tunavuta kadi yake." Vidole vyake vilikuwa tayari vinapitia mkebe. Mkono mwingine ulikuwa umeshika kile kipande cha Mchungaji. Alikitazama. Akakitazama tena. "Lakini wewe nimekupima."

"Mimi?" Mchungaji alisema. "Ni leo tu, Mzee."

"Nimekupima zamani. Mbonyeo huu ninaujua."

Akachomoa kadi moja. Akaiweka juu ya kile kipande kipya, akaviinua vyote viwili penye mwanga wa dirisha. Watu walisogea. Mwanga ulipenya kwenye vitundu vya juu na vya chini pamoja, vyote, pande zote, isipokuwa nyuma kidogo ambapo kichwa cha zamani kilikuwa kipana zaidi. Na kushoto, mahali pale pale, palikuwa na mbonyeo ule ule.

"Soma jina," Mzee Otiende alisema.

Mchungaji alisoma, kwanza kimya. Halafu akasoma kwa sauti ambayo haikuwa yake ya Jumapili.

"Joshua Shitanda. Elfu moja mia tisa hamsini na nne. Helmeti, nyeupe."

Biro ya Vivian ilisimama.

"Ni baba yangu," Mchungaji alisema. "Alikuja Nairobi kazini, nikiwa na mwaka mmoja. Mama aliambiwa amekufa. Kaburi hatukuonyeshwa."

"Basi mbonyeo huu umeurithi kwake. Aliyeshona helmeti ile ni mimi," Mzee Otiende alisema. "Kijana aliyekuwa amefanywa mnyapara, ana haraka nayo kama bwana harusi. Hakurudi kuichukua. Mwenye helmeti hasahau helmeti. Badala yake, akaja mke wake, mtoto yuko mgongoni, analia. Akauliza kama tumemwona. Nikasema hatujamwona."

"Mama yangu ni Nakhumicha," Mchungaji alisema. "Mtoto huyo ni mimi."

Akazichukua zile kadi mbili, akaenda nazo dirishani peke yake, akazishika juu ya kioo. Watu walimwacha. Alisimama hapo na mgongo wake, mtu mzima na cheo chake, akitazama mwanga ukipita kwenye vitundu.

Mzee Otiende ndiye aliyekuwa bado na kazi. Aligeuka taratibu, akaanza kuangalia wanaume waliokuwa mle kanisani. Hakuangalia nyuso. Aliangalia juu ya nyuso, kichwa baada ya kichwa, vyote viko wazi, mpaka akafika meza ya mbele.

Akasimama hapo.

"Mwenyekiti," alisema polepole. "Miaka ishirini nimekuona pale Burma ukila mbavu. Lakini siku zote umevaa kofia."

Wengine hawakuelewa. Mama wa maua alidhani ni salamu.

Kalekye alielewa. Alikuwa karibu kuliko wote, amesimama pale alipowekwa, na kutoka pale aliuona upande wa kushoto wa kichwa cha Mzee Kweyu, juu ya sikio, penye mbonyeo ule ule, jasho linakusanyika kama maji kwenye sahani. Aliona kuni zilizopangwa shimoni. Aliona miaka tisa, tangu mchungaji huyu aletwe Shauri Moyo, ambayo mzee huyu alikuwa amekaa benchi moja naye kila Jumapili, akamshika mkono, akamwita Mchungaji, asimwite mwanangu hata siku moja.

Kiti kilikuwa kimeinuliwa. Mzee Kweyu alikaa. Akajiinamisha kana kwamba anatafuta kitu mezani, mpaka mdomo wake ukafika sikioni mwa Kalekye.

"Mama," alinong'ona. "Mtoe mzee huyu nje. Sasa hivi, kabla hajaongeza neno. Chumba ni chako mpaka ufe. Nitakiandika leo, baraza zima litie sahihi. Ukikataa, kura napiga sasa, na wewe unajua watu wangu hapa ni wangapi."

Kalekye alijua. Walikuwa wanne kati ya saba.

Alikiona kitanda. Aliliona jiko. Alimwona Muoki kando ya lori, anacheka na jua.

Kisha akanyoosha mgongo, akakunja mikono juu ya funguo, akasema kwa sauti iliyofika mpaka benchi la nyuma, mpaka dirishani:

"Mzee Kweyu, hayo uliyoninong'oneza sasa hivi, hebu yarudie. Mchungaji hajasikia."